Fundo Kwenye Pindo la Kanga

Haba na haba hujaza kibaba. Sote tumekaririshwa msemo huu shule ya msingi, tukauandikia insha na kuupamba ukutani kwa chaki za rangi. Lakini nani kati yetu aliwahi kumwuliza mwalimu: na kibaba kikishajaa, inakuwaje? Mtaani Kariakoo jibu ni rahisi, bwana. Kibaba kikijaa kinapikwa jioni ile ile, na kesho asubuhi unaanza tena na haba nyingine. Vibaba vinne ndiyo pishi, na pishi nayo ukiiweka mbele ya watu wanane haioni siku ya pili. Hakuna aliyejenga, aliyesomesha wala aliyezika mtu kwa kibaba.

Nimeanza hivyo kwa sababu mambo ya kubana matumizi katika jiji letu yamesemwa zaidi na watu wasiowahi kununua mkaa kwa kopo. Wakati wa ukoloni wakubwa walisema Mwafrika wa mjini hajui kuweka akiba, akipata anatumia. Baada ya Uhuru tukaambiwa tufunge mikanda, kana kwamba ilikuwa imelegea. Mimi naona watu wa Kariakoo walijua sana kuweka, tena kwa ufundi ambao wahasibu wengi hawana. Taabu yao ilikuwa kupata mahali pa kuweka, na njia ya kutoka kwenye kibaba kufika kwenye gunia.

Maana anayenunua kidogo kidogo ndiye anayenunua ghali. Kama unabisha, nenda dukani kwa Mangi ukanunue sukari robo kilo mara nne, mafuta ya kupima, mkaa kopo kwa kopo, halafu kaa chini upige hesabu na jirani yako aliyenunua kilo, dumu na gunia. Mwenye hela ndiye anayekula kwa bei nafuu! Soko la Kariakoo, lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa limeiandika hesabu hiyo kwa zege. Chini kabisa, shimoni, ndiko uliposhushwa mzigo wa jumla. Juu yake ndiko tulikouziwa mafungu: nyanya nne, vitunguu vitatu, kipande cha nazi. Kabla ya moto wa Julai 2021 haujaliunguza, kati ya shimoni na juu kulikuwa na ngazi tu. Lakini wapo watu waliozeeka hapo sokoni bila kuishuka ngazi ile hata siku moja wakiwa na hela ya gunia mkononi.

Tuanze mbali kidogo. Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na watu waliodhulumiwa ujira. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na hapo wakaweka kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo ulimi wetu uliligeuza likawa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa ndugu zao. Leo tunabishania shilingi mia mia katika eneo lenye jina lao.

Miaka hiyo hiyo hela yenyewe nayo ilikuwa inakufa. Mjerumani alikuwa na rupia yake. Vita vilipomfungia njia ya baharini akaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa nchini kuanzia mwaka 1915, na mwaka 1916 kule Tabora akafua hata sarafu kwa shaba ya maganda ya mizinga. Aliposhindwa, noti zile zikabaki karatasi. Ikaja rupia ya Kihindi kwa mkono wa Mwingereza, ikaja florini mwaka 1920, halafu shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Fikiria mama muuza samaki aliyeishi Kariakoo miaka ile. Katika muda usiozidi miaka sita ameshikishwa hela za aina nne, moja ikimfia mkononi. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu kutunza noti? Alinunua bangili, alinunua kanga, akanunua na mbuzi kama ana pa kumfunga. Kiswahili kinakumbuka jambo hili kuliko sisi tunavyokumbuka: fedha ni madini kwanza, noti baadaye.

Halafu angalia namna watu walivyolipwa. Neno kibarua, ambalo leo tunalitumia ovyo, ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi kuonyesha kuwa siku hiyo amefanya kazi. Kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30, ambayo kila siku ya kazi ilitiwa alama, nawe ukalipwa ikijaa. Makuli wa bandarini wengi walikuwa watu wa siku kwa siku: meli ikija unakula, isipokuja unapiga miayo. Ndiyo maana waligoma mwaka 1939, wakagoma tena Septemba 1947, na mara hii ya pili mgomo ukapanda na njia ya reli kwenda bara. Sasa mtu anayelipwa kwa siku atanunuaje kwa mwezi? Hawezi. Anayelipwa kibarua hununua kibaba. Mwenye duka naye akajifunza kufunga chai na sukari kwenye vikaratasi vidogo vya umbo la pembe, na faida yake ikawa humo humo kwenye kukunja karatasi.

Kukopa je? Hapo ndipo ninapokasirika kidogo, msomaji utanisamehe. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kwenda mahakamani kudai deni lake. Eti ni kutulinda tusinyonywe! Inawezekana wapo walioamini hivyo kwa moyo safi. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango wa mkopo wa maana ulifungwa, ukabaki wazi mlango wa rehani. Zikifika tarehe 20 na ushee, kanga ya sikukuu au koti la harusi vinakwenda kwenye duka la rehani upande wa Uhindini. Mwisho wa mwezi vinakombolewa na riba juu. Visipokombolewa vinauzwa, na wewe unakutana na koti lako Mnazi Mmoja limevaliwa na mwingine. Benki ya akiba ya posta ilikuwepo tangu miaka ya 1920, ndiyo, lakini ilitunza kile ulichopeleka tu. Haikukuongezea hata kumi pale ulipopungukiwa.

Basi watu wakatafuta benki zao. Ya kwanza ilikuwa nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo mnaijua, au mliijua kabla maghorofa hayajaimeza: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Iliinuka polepole, leo miti, mwezi ujao udongo, mwakani paa. Na paa lenyewe! Debe la mafuta ya taa likishamaliza kazi yake ya kwanza lilichotea maji, likapimia mahindi, lilipotoboka likapasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo na kupandishwa juu ya nyumba. Hakuna kitu kilichotupwa. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwemo wanawake, walioziinua kwa vitumbua, kwa pombe ya kienyeji, kwa kushona. Kodi ya vyumba ndiyo ilikuwa pensheni yao, maana nani mwingine angewalipa?

Benki ya pili ilikuwa ngoma. Usicheke. Vyama vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi, michango, sare, na utaratibu wa kuzikana na kuozeshana. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika vyama hivyo kabla hajawa mwanasiasa. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakuanza kugonga nyumba moja moja. Alikwenda kwenye vyama vya ngoma, na kwa miezi michache akaandikisha maelfu. Watu walioshangaa walikuwa hawajui kwamba wanawake wale walikwisha kuzoea kwa miaka mingi kutoa kidogo kila mara, mbele ya mashahidi, kwa ajili ya jambo litakalokuja baadaye. Chama kilichodai uhuru kutoka ofisi yake ya New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, kiliishi kwa vijisenti vilivyofunguliwa kwenye mapindo ya kanga. Haya hatuyasomi sana katika vitabu vya shule. Tunasoma hotuba.

Na benki ya tatu ni upatu. Kamusi inakupa maana mbili: sahani ya madini inayopigwa ngomani, na mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Vijana wengi wa siku hizi wanauona upatu kama mambo ya kina mama wa uswahilini. Hebu tuufanyie hesabu. Wanawake 12, kila wiki kila mmoja shilingi 100. Kila Jumamosi mmoja anapewa 1,200 zote kwa mkupuo. Baada ya wiki 12 kila mtu ametoa 1,200 na kila mtu amepokea 1,200. Aliyepewa wiki ya kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Aliyepewa wiki ya mwisho ameweka akiba. Waliobaki wamefanya yote mawili. Hakuna jengo, hakuna mlinzi, hakuna fomu ya kujaza mara tatu. Kuna kijumbe, yule anayekusanya na kupeleka, na kuna kaunta buku lake.

Uzuri wake unaonekana hasa miaka ya 1980. Bei zilikuwa zinapanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye kibubu mwaka mzima, siku ya kukivunja zitakununulia kile ambacho 770 zingenunua siku ulipoziweka. Benki nayo ilitoa riba iliyokuwa chini ya kasi ya bei, kwa hiyo hela ilikuwa inayeyuka mbele ya mlinzi mwenye bunduki. Lakini katika upatu wa wiki 12, hata yule bahati mbaya wa mwisho alipoteza kama shilingi 3 katika kila 100. Ndiyo maana kina mama walipenda mizunguko mifupi: ya wiki, hata ya siku. Hawakuhitaji mchumi wa kuwafundisha. Mtu aliyepata zamu yake hakulala nayo. Siku ile ile ilikuwa gunia la mkaa, au mfuko wa unga wa ngano wa maandazi, au bati mbili. Yaani ameshuka ngazi kwenda shimoni.

Hapo nimlete Bibi yangu, mzaa mama. Alipanga chumba Mtaa wa Sikukuu kwa miaka mingi, akauza vitumbua asubuhi na kushona nguo mchana. Nilipokuwa mdogo aliniita "mume wangu", kama bibi wa pwani wanavyotutania, na mara nyingi alinituma dukani. Hela aliitoa kwenye fundo la pindo la kanga yake. Lilikuwa halifunguki upesi, alilivuta kwa meno. Siku moja nikamwuliza kwa nini asinunue pochi. Akaniambia, "Mume wangu, pochi inafunguka kwa kidole kimoja. Hili mpaka nilifungue nimeshafikiri mara mbili."

Nyakati mbovu za mwanzo wa miaka ya 1980 sikuzishuhudia, nimesimuliwa na mama mkubwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi hoi. Foleni za sukari, foleni za sabuni. Watu walifulia majani ya mpapai. Walikula unga wa njano uliokuja kwa meli wakiuita wa Yanga, na mpenzi wa Simba akila hana la kusema. Bibi akawa fundi wa kila kitu: shati la babu likigeuzwa kola, kola ikiisha shati likawa la mtoto, la mtoto likichakaa likawa tambara la kushikia sufuria. Hayo mnayajua, kila nyumba ina hadithi yake.

Lakini kuna jambo ambalo halisimuliwi sana. Machi 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, nyumba zilipekuliwa, na waliokuwa na bidhaa za magendo walizitupa usiku. Walanguzi walikuwepo, tena wakubwa, na wananchi wengi waliifurahia kazi ile. Ila siku hizo hizo Bibi alikuwa ndiyo kwanza amepata zamu yake ya upatu na kununua mfuko wa sukari kwa ajili ya vitumbua. Mfuko mzima! Mara ya kwanza maishani amefika kwenye gunia, na gunia limegeuka ushahidi. Nani angemwamini? Alikesha akiigawa sukari ile kwa wapangaji wa nyumba nzima, kibakuli kwa kibakuli, mpaka mfuko ukaisha. Alirudishwa kwenye kibaba kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka ule ule ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na mwuza vitumbua asiye na leseni akaanza kuhesabiwa mzururaji wa kurudishwa shamba. Aliendelea kuuza, ila alijifunza kukimbia na sinia kichwani.

Bajeti ya mwaka 1984 ikalegeza kidogo, bidhaa zikaanza kuonekana, mitumba iliyokuwa ikiitwa kafa Ulaya ikajaa mitaani, na enzi ya ruksa ikaingia. Mwaka 1991 ikapita sheria ya kuruhusu benki binafsi. Watu wakapumua. Sitakaa sana hapa.

Nataka nikae mwaka 1995. Bibi alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake 12 wenye biashara sokoni, shilingi 3,000 kila mmoja kwa wiki. Wiki ya tatu akapewa zamu mmoja wao, mwuza kanga, mtu aliyekula naye sahani moja. Akapokea 36,000 zake. Wiki ya nne hakuonekana. Chumba chake kilikutwa kitupu, hata pazia hakuliacha. Zilikuwa zimebaki wiki tisa, na kila wiki kulikuwa na pengo la 3,000. Jumla 27,000. Bibi hakuitisha kikao. Aliuza cherehani yake, ile iliyokuwa nusu ya maisha yake, akaziba pengo wiki baada ya wiki mpaka mzunguko ukaisha, na kila mwanamke akapata 36,000 kamili. Mama mkubwa anasema walimlaumu sana nyumbani. Yeye alijibu tu, "Ningepitaje sokoni?"

Mwaka huo huo benki ya Meridien BIAO ilianguka, Benki Kuu ikaingilia kati, na shughuli zake za hapa nchini zikachukuliwa na Stanbic. Benki ikianguka kuna benki nyingine juu yake. Upatu wa Mtaa wa Sikukuu ulipotaka kuanguka, juu yake kulikuwa na cherehani moja.

Kwa hiyo sisemi upatu ni pepo. Jina lake lenyewe limechafuliwa. Mwaka 2009 serikali ilipoifunga DECI, iliyokuwa imewaahidi watu kuvuna mara mbili au zaidi ya walichopanda, magazeti yote yaliandika "upatu". Mimi neno hilo liliniuma. Katika upatu wa Bibi hakuna aliyeahidiwa hata senti moja ya ziada. Unapata ulichotoa, basi. DECI ilikuwa inawalipa wa mwanzo kwa hela za wa mwisho bila idadi ya watu wala mwisho wa mzunguko, na waliochelewa kuingia wakaliwa. Siku hizi kuna vikoba vyenye katiba na sanduku la kufuli tatu, kuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inayotaka vikundi visajiliwe, na tangu mwaka 2008 kuna M-Pesa inayohamisha zamu kwa sekunde. Kuna pia mikopo ya kausha damu, inayokuja hadi mlangoni kwa pikipiki na kuondoka na televisheni yako. Rehani ya babu zetu imenunua pikipiki, ndugu yangu.

Na sisi vijana wa vyumba vya kupanga, tunaoandika usiku na kuchacha tarehe 15, tunaishi wapi katika historia hii? Bado kwenye vikaratasi. Vocha ya siku, bando la saa, shampuu ya pakiti, mafuta ya kupima. Wiki iliyopita nilipiga hesabu ya mkaa niliounua kwa kopo mwezi mzima, nikaona aibu kuimaliza.

Bibi alifariki bila kununua cherehani nyingine. Kaunta buku lake analo mama mkubwa. Nililifungua juzi. Ukurasa wa mwaka 1995 una majina 12, na mbele ya kila jina visanduku 12 vyenye alama ya vema. Kwa yule mwuza kanga, vitatu vya kwanza ni vya wino wa bluu na tisa vilivyobaki ni vya penseli. Hakulifuta jina lake. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu, na mama mkubwa, ambaye si mtu wa kununua daftari jipya wakati la zamani lina nafasi, ameanza kuandika humo kikoba chake cha wanawake 15. Nilimwomba aniandike. Akasema wao hawachukui wanaume, ila atauliza.